Kufilisika Marekani na njia mbadala: ipi inafaa kwa deni lipi

Anayezidiwa na madeni Marekani hupewa majina mengi ya huduma kabla hajapewa maelezo: Sura ya 7 na Sura ya 13 za sheria ya kufilisika (ya kwanza hufuta madeni na kuuza mali isiyokingwa, ya pili ni mpango wa kulipa kwa miaka kadhaa), shirika la ushauri wa mikopo, kampuni ya kupunguza madeni, mkopo wa kuunganisha madeni. Zote zinaahidi nafuu. Hapa tumeipima kila moja kwa maswali manne: itagharimu kiasi gani hadi mwisho wake, itasimamisha nini leo, ni deni gani haitaligusa kabisa, na ni nani mwingine atakayeumia. Swali hilo la mwisho halipewi uzito wake. Watu huogopa doa kwenye ripoti ya mikopo, na doa hilo hufifia kadiri miaka inavyokwenda. Kinachouma zaidi ni kaka aliyekudhamini kuanza kusumbuliwa na wakusanya madeni, au dada kudaiwa arudishe pesa ulizomlipa miezi minane iliyopita.

Sura ya 7: ina nguvu kuliko zote, na haina huruma kwa waliokusaidia

Sheria ya kufilisika ni ya shirikisho, kwa hiyo utaratibu ni mmoja nchi nzima, ila kinga, yaani mali unayoruhusiwa kubaki nayo, hutegemea sana jimbo. Ada ya mahakama ni dola 338. Unaweza kuomba kuilipa kwa awamu zisizozidi nne, na ambaye kipato cha kaya yake hakifiki asilimia 150 ya kiwango cha umaskini anaweza kuomba asamehewe yote. Ada ya wakili ni mbali na hiyo, na mawakili wengi huitaka yote kabla ya kufungua kesi, kwa kuwa sehemu itakayobaki bila kulipwa inaweza kufutwa pamoja na madeni mengine.

Kabla ya kufungua kesi sharti upate ushauri wa mikopo kutoka shirika lililoidhinishwa, ndani ya siku 180 zinazotangulia. Bila cheti chake kesi hutupwa. Utahitaji pia hati za mshahara za siku 60 zilizopita, na ritani ya mwisho ya kodi imfikie mfilisi angalau siku 7 kabla ya kikao. Mfilisi ndiye anayeteuliwa kusimamia mali ya aliyefilisika kwa niaba ya wanaomdai. Baada ya kufungua kesi kuna somo la pili, la usimamizi wa fedha, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Hudhani wameshasoma, kumbe lile la kwanza lilikuwa jingine. Somo hili likipitwa na muda wake, kesi hufungwa bila amri ya kufuta madeni, na kuifungua upya ni ada nyingine.

Si kila mtu anaruhusiwa. Kipimo cha kipato, kilicholetwa na marekebisho ya sheria ya mwaka 2005, huchukua wastani wa kipato cha miezi sita kamili iliyotangulia mwezi wa kufungua kesi, kikauzidisha kwa kumi na mbili, kikalinganisha na kipato cha kati cha kaya ya ukubwa huo katika jimbo lako. Ukiwa chini yake umepita. Ukiwa juu, unaingia kwenye hesabu ndefu ya matumizi yanayokubalika. Aliyefanya kazi ya ziada kwa miezi mitatu kisha saa zikapunguzwa ajue hili: kusubiri mwezi mmoja au miwili kunaweza kubadili jibu, kwa kuwa miezi ile minono inatoka kwenye hesabu.

Nguvu ya Sura ya 7 iko kwenye zuio la papo hapo. Kesi ikishasajiliwa, simu za wakusanya madeni, kesi za madai, makato ya mshahara na mnada wa nyumba vyote husimama. Hakuna njia mbadala yenye nguvu hiyo. Tunalisema waziwazi kwa sababu kuna wauzaji wa huduma nyingine wanaozungumza kana kwamba na wao wanaweza kuwazuia wadai kwenda mahakamani. Hawawezi.

Kikao na mfilisi hupangwa kati ya siku 21 na 40 baada ya kufungua kesi, na siku hizi hufanyika kwa video. Jaji hayupo. Unaonyesha kitambulisho chenye picha na uthibitisho wa namba ya Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani), unaapa, kisha maswali yanakuja kwa haraka: Je, ulizisoma hati hizi kabla ya kutia sahihi? Umeorodhesha mali yako yote na wote wanaokudai? Kuna ndugu uliyemlipa deni mwaka huu? Umehamisha mali kwa mtu yeyote? Unatarajia urithi au marejesho ya kodi? Mara nyingi kikao huisha kwa dakika chache. Lakini angalia maswali yenyewe: karibu yote yanahusu ndugu na mali, na jibu la uongo linatolewa chini ya kiapo.

Hapo ndipo hasara za kweli zinapojitokeza.

Ya kwanza ni wadhamini. Sura ya 7 inafuta wajibu wako, haifuti wa aliyetia sahihi pamoja nawe. Mama aliyekudhamini kwenye mkopo wa gari anabaki na deni lote, na mkopeshaji hana sababu ya kumsubiri. Ukiwa na deni la namna hiyo, mwambie mdhamini wako kabla hujafungua kesi, asije akaipata habari hiyo kwa barua ya mkusanya madeni.

Ya pili ni malipo kwa ndugu. Mtu anayezama hulipa kwanza deni la dada yake, kwa heshima, kisha anafilisika akiwa na madeni ya benki tu. Sheria inaliona jambo hilo kuwa upendeleo. Malipo kwa mdai wa kawaida hukaguliwa kwa siku 90 kurudi nyuma, na malipo kwa ndugu wa karibu hukaguliwa mwaka mzima. Kwa madeni ya matumizi binafsi, malipo ambayo jumla yake kwa mdai mmoja haifiki dola 600 hayaguswi. Yakizidi hapo, mfilisi anaweza kumdai dada arudishe pesa hizo ili zigawiwe wadai wote. Zawadi, na mali iliyouzwa kwa bei ya kutupa, hukaguliwa kwa miaka 2, na sheria za majimbo huweza kurudi nyuma zaidi.

Ya tatu inawahusu hasa waliohamia Marekani. Mali yako iliyo popote duniani huorodheshwa. Kiwanja kilichoko nchi nyingine, nyumba ambayo haijaisha, sehemu yako kwenye shamba la ukoo lenye hati, akaunti ya simu yenye salio: vyote vinaandikwa. Huenda mfilisi akaona si faida kukifuata kiwanja cha mbali, lakini uamuzi huo ni wake. Kuficha mali ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka 5, na kunaweza kukunyima msamaha wa madeni yote.

Urithi nao una mtego wa tarehe. Ukipata haki ya kurithi ndani ya siku 180 baada ya kufungua kesi, urithi huo unaingia kwenye mali ya kufilisika hata kama kesi ilishafungwa. Mwenye mzazi mgonjwa mahututi anapaswa kulizungumza hili na wakili, hata kama ulimi unakuwa mzito. Marejesho ya kodi ambayo hujayapokea ni mali pia.

Halafu yapo madeni yasiyofutika: matunzo ya watoto na ya mtalaka, kodi nyingi za miaka ya karibuni, faini za jinai, madeni ya ulaghai, madai ya mtu uliyemjeruhi ukiendesha umelewa. Mikopo ya wanafunzi haifutwi mpaka ufungue shauri la pekee ndani ya kesi na kuthibitisha kwamba kuilipa kutakutia kwenye dhiki isiyostahili. Ukichukua anasa kwa kadi ya mkopo ndani ya siku 90 kabla ya kesi, sheria huanza kwa kudhani ulikusudia kutolipa.

Deni lenye dhamana linahitaji maelezo yake. Wajibu wako binafsi unafutwa, ila haki ya mkopeshaji juu ya gari au nyumba inabaki. Usipolipa, gari linachukuliwa. Utaombwa kutia sahihi mkataba wa kulithibitisha deni upya. Ukitia, umelirudisha deni hilo begani kama vile hukufilisika, na gari likichukuliwa mwaka ujao unadaiwa hadi tofauti ya bei ya mnada. Una haki ya kuuvunja mkataba huo ndani ya siku 60 tangu uwasilishwe mahakamani, au hadi amri ya kufuta madeni itoke, lolote litakalokuja baadaye. Ushauri wetu ni kutoutia sahihi kwa gari ambalo deni lake limeizidi sana thamani yake. Sheria pia inakuruhusu kulikomboa gari kwa kulipa thamani yake ya sasa kwa mkupuo. Shida ni kwamba aliyefilisika ni nadra kuwa na mkupuo.

Jambo dogo linaloleta taabu kubwa: kama akaunti yako ya mshahara iko kwenye benki ileile inayokudai kadi, benki inaweza kuizuia kesi inapofunguliwa. Hamishia mshahara kwenye benki usiyodaiwa mapema, na uiandike akaunti hiyo kwenye fomu.

Na ripoti ya mikopo? Sura ya 7 hukaa humo hadi miaka 10. Hutapata tena msamaha wa Sura ya 7 mpaka ipite miaka 8 tangu ulipofungua kesi ya kwanza. Mwajiri wa serikali hawezi kukunyima kazi kwa sababu ya kufilisika peke yake. Mwajiri binafsi hawezi kukufukuza kwa sababu hiyo, ingawa mahakama za rufaa zimeshaamua kwamba anaweza kukataa kukuajiri unapoomba kazi mpya. Ni hasara, tunakubali. Lakini mtu mwenye kadi tano zilizochelewa miezi sita na hukumu moja ya mahakama tayari ripoti yake imechafuka, na kwake hoja hii ina uzito mdogo kuliko anavyotishwa.

Tathmini yetu: inamfaa asiye na mdhamini, asiye na mali inayozidi kinga ya jimbo lake, na ambaye madeni yake mengi ni ya kadi, hospitali na mikopo isiyo na dhamana. Huyo akiikimbia kwa aibu, hupoteza miaka.

Sura ya 13: kwa mwenye nyumba ya kuokoa

Ada yake ni dola 313. Unapeleka mpango wa malipo wa miaka 3 hadi 5. Wenye kipato kilicho juu ya cha kati cha jimbo hubanwa kwenye miaka 5. Malipo ya kwanza huanza ndani ya siku 30 tangu kufungua kesi, hata kama mahakama haijaukubali mpango. Mfilisi hukata sehemu yake isiyozidi asilimia 10 ya kinachopita mikononi mwake.

Kazi inayoifanya vizuri kuliko njia zote ni nyumba iliyochelewa malipo. Ukidaiwa miezi tisa ya rehani, benki ikakataa kupokea kidogokidogo, mpango huu unailazimisha kuyapokea malimbikizo kwa miaka kadhaa mradi unalipa ya kila mwezi kwa wakati. Pia unamkinga mdhamini wako kwa madeni ya matumizi binafsi wakati mpango unaendelea, jambo ambalo Sura ya 7 haifanyi. Kwa aliyedhaminiwa na wazazi, sababu hiyo peke yake inatosha kuifikiria.

Udhaifu wake ni urefu. Katika miaka mitano gari litaharibika, saa za kazi zitapunguzwa, mtoto atazaliwa. Mpango uliopangwa bila nafasi ya kupumua huvunjika, kesi inatupwa, na unarudi kwenye madeni yaleyale pamoja na riba iliyokuwa imesimama. Ukifungua kesi nyingine ndani ya mwaka mmoja, zuio la papo hapo hudumu siku 30 tu usipoishawishi mahakama iliongeze; ukiwa na kesi mbili zilizotupwa katika mwaka huo, zuio haliji lenyewe kabisa. Kwa hiyo usikubali kiasi cha malipo kilichowekwa ili mpango upite tu. Mwambie wakili gharama zako halisi, pamoja na matairi na dawa. Kipato kikishuka, omba mpango urekebishwe kabla hujakosa malipo ya pili.

Mpango wa kulipa kupitia shirika la ushauri

Hii ndiyo njia mbadala tunayoipa alama ya juu kuliko nyingine. Shirika lisilolenga faida linapitia bajeti yako, linaongea na wenye kadi, yaani benki zilizotoa kadi hizo, riba inashushwa, na wewe unalipa pesa moja kila mwezi ambayo shirika huigawa. Muungano wa kitaifa wa mashirika haya, NFCC, umekuwepo tangu 1951, na Wizara ya Sheria ina orodha ya mashirika yaliyoidhinishwa kutoa ushauri wa kabla ya kufilisika. Anzia kwenye orodha hiyo.

Hesabu inaonyesha kwa nini inafanya kazi. Chukua deni la dola 18,000 kwa riba ya asilimia 24. Riba ya mwezi mmoja ni dola 360. Anayelipa dola 360 halipunguzi hata senti ya deni lenyewe. Mwaka ujao atakuwa palepale. Riba ikishushwa hadi asilimia 8, malipo ya takriban dola 365 kwa mwezi yanamaliza deni lote kwa miezi 60, na jumla aliyolipa haifiki dola 22,000. Tofauti ya dola tano kwa mwezi, na mmoja hamalizi kamwe.

Mipaka yake ijulikane. Deni la msingi unalilipa lote. Kadi zilizomo hufungwa. Hakuna mdai anayelazimishwa kushiriki, na hakuna zuio la mahakama. Madeni ya gari na nyumba hayaingii. Ukikosa malipo, wenye kadi wanaweza kurudisha riba ya zamani. Mwezi wa kwanza una hatari yake ya pekee: watu huacha kulipa kadi wakidhani shirika limeshaanza, kumbe mdai hajakubali bado. Endelea kulipa mwenyewe mpaka upate uthibitisho wa maandishi kutoka kwa kila mwenye kadi, kisha kagua taarifa za kadi kila mwezi kuona kama malipo yamefika na riba imeshuka kweli.

Kama bajeti yako haiwezi kumaliza deni la msingi kwa miaka 5 hata riba ikishuka, usijilazimishe. Mshauri mwaminifu atakuambia hivyo siku ya kwanza.

Kampuni za kupunguza madeni: alama ya chini

Mfumo wao ni huu. Unaacha kulipa kadi, unaweka akiba kila mwezi kwenye akaunti maalumu, na baada ya muda kampuni inamwendea mdai kumwomba achukue pungufu. Ada kwa kawaida ni asilimia 15 hadi 25 ya deni ulilosajili.

Tuweke tarakimu za mfano. Umesajili dola 20,000. Kwa kutolipa, riba na faini zinalifikisha deni dola 24,000. Kampuni inafanikiwa kulipunguza kwa nusu: unalipa 12,000. Ada ya asilimia 20 ya deni la awali ni 4,000. Zile 12,000 ulizosamehewa zinaripotiwa IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho, kama kipato. Kwa kiwango cha asilimia 12 hiyo ni kodi ya 1,440. Jumla imefika 17,440. Umeokoa dola 2,560 kwenye deni la 20,000, kwa gharama ya miaka ya kuchelewa kwenye ripoti yako, na hapo hakuna hata mdai mmoja aliyekushtaki. Wengine watashtaki, maana mdai hana wajibu wa kungoja akiba yako ikue.

Kodi hiyo ina mlango wa kutokea: kama madeni yako yalizidi mali zako wakati wa kusamehewa, unajaza Fomu 982 ya kodi na kuiondoa kwenye kipato kwa kadiri ya tofauti hiyo. Wengi hawaambiwi. Deni lililofutwa kwa kufilisika halihesabiwi kuwa kipato hata kidogo, na hilo ni jambo ambalo matangazo ya kampuni hizi hayalitaji yanapoorodhesha ubaya wa kufilisika.

Tangu Oktoba 2010, kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, inakataza huduma hizi zinazouzwa kwa simu kuchukua ada kabla deni halijapatanishwa, wewe ukakubali, na angalau malipo moja yakafanyika. Pesa za kwenye akaunti maalumu ni zako, na unaweza kujiondoa ukazichukua bila kutozwa faini. Kampuni ikitaka pesa mwanzoni, ikakuahidi matokeo, au ikakuambia usifungue barua za wadai, kata simu.

Kazi hiyohiyo unaweza kuifanya mwenyewe ukiwa na pesa za mkupuo mkononi. Piga simu kwa mdai, taja kiasi kilicho chini ya uwezo wako, ngoja. Wakikubali, usilipe mpaka upate barua yenye namba ya akaunti, kiasi, tarehe ya mwisho, na maneno yanayosema malipo hayo yanamaliza deni lote. Lipa kwa njia isiyowapa ruhusa ya kuchota kwenye akaunti yako. Barua hiyo itunze miaka mingi, kwa sababu madeni huuzwa na kuuzwa tena, na mnunuzi wa tatu anaweza kuja na faili isiyoonyesha kwamba ulilipa.

Kuunganisha madeni kwa mkopo mpya

Mkopo wa kuunganisha una maana pale tu riba yake, pamoja na ada ya kuuanzisha, iko chini ya wastani wa unazolipa sasa, na kadi za zamani zinabaki bila kutumika. Kuhamishia salio kwenye kadi ya riba sifuri kunamfaa ambaye bado ana alama nzuri za mikopo na deni analoweza kulimaliza kabla muda wa ofa haujaisha. Ada ya kuhamisha mara nyingi ni asilimia 3 hadi 5, inayokatwa mwanzoni.

Tunaloliogopa hapa ni kuchukua kilichokingwa ukakitumia kulipia kisichokuwa na meno. Mkopo wa kadi hauna dhamana. Ukiulipa kwa mkopo uliowekewa nyumba, umeipeleka nyumba mahali ambapo haikuwepo. Ukishindwa kulipa sasa unapoteza paa. Vivyo hivyo na akiba ya uzeeni. Pesa zilizomo kwenye 401(k), akaunti ya akiba ya uzeeni inayopitia kwa mwajiri, kwa kawaida hazifikiwi na mfilisi wala wenye kadi. Anayezitoa kabla ya umri unaoruhusiwa hulipa kodi na kwa kawaida faini ya asilimia 10, anawapa wenye kadi kinachobaki, na mwaka unaofuata anafilisika hata hivyo. Hilo ni kosa linaloumiza kuliko yote kwenye orodha hii, na hufanywa na watu waadilifu waliotaka kulipa kila mtu.

Kutofanya chochote, kwa mpango

Wapo ambao hawahitaji huduma yoyote kati ya hizi. Mzee anayeishi kwa malipo ya Social Security, asiye na nyumba wala mshahara, hana kitu ambacho mwenye kadi anaweza kukichukua. Malipo hayo yakiingia benki moja kwa moja, benki inapopokea amri ya kushika akaunti sharti iache kiasi cha malipo ya miezi miwili. Kwa wenye mshahara, sheria ya shirikisho inaweka kikomo kwa madeni ya kawaida: asilimia 25 ya mshahara wa wiki baada ya makato ya lazima, au kiasi kinachozidi dola 217.50, kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Anayebakiwa na dola 250 kwa wiki hawezi kukatwa zaidi ya dola 32.50. Majimbo mengine yana ukarimu zaidi.

Deni la zamani ukalichunguze tarehe kabla hujaligusa. Kila jimbo lina ukomo wa miaka ya kushtaki, na mkusanya madeni haruhusiwi kushtaki wala kutishia kushtaki kwa deni lililopita ukomo. Katika majimbo kadhaa, malipo ya dola ishirini ya nia njema yanaweza kuufufua muda huo upya. Ukipata taarifa ya kwanza ya mkusanya madeni, una siku 30 za kulipinga kwa maandishi na kudai uthibitisho. Akishapokea barua yako lazima asimame mpaka athibitishe.

Samansi ikija, jibu. Hata kama deni ni lako. Asiyejibu anahukumiwa bila kusikilizwa, na ukomo wa muda aliokuwa nao kama utetezi unapotea kwa sababu hakuutaja. Siku za kujibu zimeandikwa kwenye karatasi yenyewe, na huhesabiwa tangu ulipokabidhiwa.

Bili za hospitali ziwekwe kando ya kadi tangu mwanzo. Hospitali zisizolenga faida zinabanwa na sheria ya kodi kuwa na sera ya maandishi ya kuwasaidia wasio na uwezo, na zinapaswa kupokea maombi kwa siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya matibabu. Omba fomu hiyo kwa jina, msaada wa kifedha, ambatisha hati za mshahara na ritani, ubaki na nakala. Usiilipe bili hiyo kwa kadi ukisubiri jibu: ikishaingia kwenye kadi, kwa hospitali hakuna tena salio la kupunguza, na wewe umebaki na deni la benki lenye riba ya asilimia ishirini na kitu.